Pesa iliyoko Hamburg ni ya chakula, ndugu zangu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji. Najua barua yangu ni ndefu, lakini gazeti lako nimelinunua miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja, kwa hiyo hesabu kwamba nimekuja kuchukua akiba yangu yote kwa mkupuo.

Mwezi uliopita msomaji wako mmoja aliandika kwamba vijana wetu wakishapanda ndege kwenda kusoma Ulaya wanatusahau. Hawatumi kitu, simu hawapokei, ukiwaandikia ujumbe wanakujibu kwa picha ya kidole gumba. Simjui aliyeandika na sina ugomvi naye. Ila niliposoma nilihisi kama alikuwa ameketi kwenye kijiwe chetu cha kahawa hapa Mtoni kwa Azizi Ally, maana maneno ni yale yale. Na aliyeyaanzisha hapo kijiweni, Mungu anisamehe, ni mimi.

Nilikuwa karani wa mizigo bandarini kwa miaka 31. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu: mwanzoni magunia na makasha, baadaye makontena. Kwenye tezi ya meli, chini ya jina lake, huandikwa bandari iliposajiliwa, na neno HAMBURG nimelisoma pale gatini mara nyingi kuliko kibao cha mtaa wangu. Mwaka 2010 jiji letu na jiji hilo yakafunga udugu rasmi. Sisi makarani tukasikia, tukaendelea kuhesabu. Haikunijia hata ndotoni kwamba kitindamimba wangu angekwenda kuishi huko.

Ameondoka Machi 2025 kwenda kusoma shahada ya uzamili. Chuo ni cha umma na hakitozi ada. Hapo ndipo maneno ya watu yalipopata pa kushikia: kama kusoma kwenyewe ni bure, mzee aliuza kiwanja cha Chamazi ili iweje?

Mwanafunzi anayetoka huku kwetu, kabla hajapewa viza ya Ujerumani, lazima aonyeshe kwamba hatakwenda kulala njaa. Kama hana ufadhili, njia iliyozoeleka ni kuweka euro 11,904 kwenye akaunti yenye jina lake. Wajerumani wanaiita Sperrkonto, nasi kijiweni tumeifanya “shiperikonto”. Gawa kwa miezi 12 utapata 992. Akifika kule, akaunti ile inamtolea euro 992 kila mwezi na haitoi zaidi hata aende na cheti cha daktari. Mfano wake ni simtanki la uani. Limejaa hadi juu, lakini koki ni moja, imekazwa, na kinachotoka ni ndoo moja kwa mwezi.

Kulijaza hilo simtanki ilituchukua karibu mwaka. Kiwanja kikaenda. Kilichobaki kwenye kiinua mgongo changu kikaenda. Mama yake akavunja hisa zake za kikoba. Mjomba wake, yaani shemeji yangu, akatoa milioni mbili taslimu, akazihesabu mbele yetu sebuleni, noti moja moja, na dua akaomba yeye mwenyewe. Kwa bei ya euro ya wakati ule jumla ilifika milioni 30 na ushee.

Sasa dhambi yangu. Wiki moja kabla binti hajasafiri nilikuwa kijiweni baada ya tarawehe, kikombe mkononi, kashata kwenye goti. Mwenzangu mmoja alikuwa anajisifia mwanawe aliyefungua duka la vipuri Kariakoo. Mtu aliyestaafu hana mengi ya kujisifia. Nikasema: “Wangu mimi ana milioni thelathini benki, Ujerumani.” Baraza zima likageuka. Sikudanganya, ila ile koki niliinyamazia. Mpaka maneno yanafika Tandika zilikuwa milioni 50, na yalipovuka kwenda Mbagala nikaambiwa binti ameshanunuliwa nyumba.

Alifika Ijumaa ya tarehe 14, katikati ya mfungo. Kwa bahati wiki zile za Machi mchana wa kule unakaribiana na wetu, kwa hiyo funga haikumtesa. Baridi ndiyo ilimpokea vibaya. Alikuwa na euro 300 mkononi, na wiki ya kwanza akanunua blanketi zito, sufuria, kikaango, koti la mtumba na tiketi za treni, kwa sababu kadi ya usafiri ya wanafunzi ilikuwa inaanza Aprili. Zilizobaki alijua zitamtosha mpaka koki ifunguke.

Hapa naomba uniruhusu nieleze kikarani, kwa sababu nimeifuatilia hasara hii hatua kwa hatua kama tulivyokuwa tukifuatilia kontena lililopotea.

Chumba alichopata ni cha hosteli ya wanafunzi. Ufunguo alishapewa, kilichobaki ni kukutana na msimamizi, kusaini, kuchukua karatasi ya mwenye nyumba, na kubandikiwa jina kwenye boksi la barua. Karatasi ile ni muhimu, kwa sababu kule ukihamia nyumba una wiki mbili za kwenda kujiandikisha serikalini kwamba unakaa pale, na bila karatasi huandikishwi. Msimamizi akamwambia kwa mdomo: Jumanne, “nusu kumi”.

Binti yangu Kijerumani alikwisha kukisomea hapa Dar, na kubadili saa ni jambo analijua: kumi yao ya asubuhi ni saa nne yetu. Kwa hiyo nusu kumi akaichukulia kuwa ni saa nne na nusu. Akajitahidi, akafika saa nne na robo, anajiona amewahi. Kumbe Mjerumani akisema nusu kumi ana maana nusu saa ya kuelekea kumi, yaani saa tatu na nusu yetu. Amechelewa dakika 45. Mlango umefungwa, msimamizi kaenda jengo jingine, na ofisi yake inafunguliwa Jumanne na Alhamisi tu. Alhamisi msimamizi akawa mgonjwa. Ikabidi asubiri Jumanne ya wiki iliyofuata.

Katika wiki ile moja benki ilituma kadi yake kwa posta. Sisi tuliozoea S.L.P. hatuwezi kuelewa hili upesi. Kule barua inaletwa mpaka nyumbani, na mambo yote yanakwenda kwa barua: kadi inakuja na bahasha yake, namba ya siri inakuja na bahasha nyingine siku nyingine, bima wanaandika, wakusanyaji wa ada ya redio wanaandika. Mleta barua hamuulizi mtu “huyu anakaa chumba gani?” Anatazama majina kwenye maboksi. Jina lako halipo, barua inarudi ilikotoka. Kadi ya binti yangu ikarudi. Kuomba nyingine ni wiki nyingine na zaidi.

Ilipofika Ijumaa ya tarehe 28 alikuwa amebaki na euro 11. Benki ana milioni zake 30, jina ni lake, na hawezi kununua kuku.

Siku hiyo hiyo, Mhariri, simu yake ikalia. Mjomba amemuunganisha kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi ya mwanawe. Harusi Agosti, ukumbi umeshalipiwa kianzio, kadi ya mtu mmoja laki moja, ya wawili laki na nusu. Chini yake orodha ya ahadi. Namba tisa, jina la binti yangu, na mbele yake: 500,000. Hakuulizwa. Aliandikiwa.

Akajibu kama mtoto aliyelelewa anavyomjibu mjomba: “Inshallah mjomba.” Mweka hazina akaweka alama ya tiki.

Jumamosi jioni yeye na msichana mmoja wa jirani waliyapekua majikoni ya hosteli wakitafuta chupa tupu za maji. Kule chupa ya plastiki unaponunua maji unailipia senti 25 za rehani, ukiirudisha dukani mashine inakupa risiti ya pesa yako. Kwa sisi wazee ni kama chupa za soda kwa Mangi zamani, ila Mangi wao ni mashine. Walipata chupa 44, wakagawana, kila mmoja 22. Euro tano na nusu. Nilimuuliza mara mbili, na hesabu iko sawa. Akanunua mchele, dengu, vitunguu na kopo la nyanya, tena ilibidi afanye hima kwa sababu Jumapili maduka yote yanafungwa.

Na Jumapili hiyo, tarehe 30, kwao ilikuwa Idi.

Alituahidi kutupigia saa nne asubuhi kwa saa zetu. Tukashangaa simu inaita saa tatu. Usiku ule nchi nzima ilikuwa imesogeza saa mbele, wanavyofanya kila mwisho wa Machi, na badala ya kuwa nyuma yetu kwa saa mbili wakawa nyuma kwa saa moja. Yeye alipiga kwa hesabu ya jana. Akatupa mkono wa Idi, akatuonyesha sahani: wali na dengu, kipande cha ndimu pembeni. Mama yake akauliza, “Na nyama?” Akacheka. “Nyama bado imefunga, mama.” Nasi tukacheka. Habari ya zile euro 11 hatukuijua mpaka Juni.

Nilipoijua ndipo nilipomwomba anitumie hesabu zake. Alinitumia, nikazinakili kwenye daftari kwa mwandiko wangu, na daftari lile sasa natembea nalo. Kwenye 992 chumba kinachukua 390, pamoja na maji na joto. Wenzetu wana kodi baridi, isiyo na gharama ya joto, na kodi moto, iliyo nayo, na ukisikia bei nafuu uulize kwanza ni ipi. Bima ya afya ni kama 140, na si ya hiari. Ada ya redio na televisheni 18.36, uwe na redio usiwe nayo. Simu 10. Chuo hakitozi ada lakini kina mchango wa kila muhula, mia tatu na kitu, ambao ndani yake ndimo imo ile kadi ya usafiri. Ukiugawa kwa miezi sita ni kama 57. Inabaki 376 na senti. Chakula 220. Zile 156 za mwisho ndizo viatu vya baridi, vitabu, sabuni na dharura zote za dunia. Kusukwa nywele aliambiwa euro 80, akaamua kujifunza kujisuka mwenyewe kwa kioo. Matokeo nimeyaona kwenye picha. Nimenyamaza.

Nililisoma daftari lile kijiweni, mstari kwa mstari. Wengine walinielewa. Mmoja akaja na hoja ambayo naona itawajia na wasomaji wako: “Si afanye kazi? Nasikia kima cha chini ni euro 12.82 kwa saa.” Ni kweli, mwaka 2025 kilikuwa hicho, na wazee walipokizidisha kwa bei ya euro wakapata zaidi ya shilingi 35,000 kwa saa moja, baraza likapiga mluzi. Basi nikawaeleza. Mwanafunzi wa kigeni ana kikomo: siku nzima 140 kwa mwaka, au nusu siku 280. Akizidisha anahatarisha kibali chake. Tena kazi lazima uipate kwanza, halafu mitihani nayo haisubiri zamu iishe.

Amepata. Anafanya kazi ghalani, jioni mbili kwa wiki, anasoma vibandiko vya vifurushi na kuvipanga kwa mitaa. Aliponiambia nilikaa kimya kidogo. Miaka 31 nimehesabu mizigo inayotoka kwao, na sasa mwanangu anahesabu ya kwao kwao.

Hiyo mishahara inakwenda wapi? Jambo hili ndugu wengi hawalijui, na mimi nilikuwa mmoja wao: kibali cha kukaa kikiisha, unapoomba kuongezewa unatakiwa uonyeshe tena kwamba unazo za kula kwa kipindi kinachofuata. Ndoo 12 zikishatoka, simtanki ni tupu, na linatakiwa lijazwe upya. Anachopata ghalani hakifiki hata nusu. Iliyobaki naitafuta mimi huku, mtu wa miaka 70, na kiwanja kingine sina.

Wapo vijana wanaojikweza, sikatai. Wanapiga picha mbele ya magari ya watu na huku wanadaiwa kodi. Wapo pia waliokwishamaliza masomo, wana kazi nzuri, na hawapokei simu ya mama zao. Hao wasemwe. Lakini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza muacheni ale.

Kuna mzee mmoja kijiweni, mwalimu mstaafu, ambaye alinikumbusha kitu nilichowahi kukisikia nikakisahau. Neno “shule” tumelitoa kwa Wajerumani. Na “hela” vile vile: heller zilikuwa sarafu zao za hapa enzi za ukoloni, mia moja kwa rupia moja. Akanywa kahawa yake, akasema, “Mtoto kaenda kuwafuata kwa lile neno la kwanza, nyinyi mnamdai la pili.”

Mama yake, kwa upande wake, hakusubiri hoja za wanaume. Alitaka kumpelekea samli, tukaambiwa nyama na vitu vya maziwa haviruhusiwi kuingizwa na msafiri anayetoka huku. Dagaa wanapita. Basi kila akisikia kuna mtu anakwenda, anafunga dagaa, bizari ya pilau na kanga moja. Majirani waliokuwa wakimtumia binti orodha ya simu za kuwaletea, sasa wawili wao wameanza kuleta vifurushi vyao kwetu. Mmoja alileta pilipili manga, nusu kilo, imekaushwa vizuri kabisa.

Desemba alitupigia saa kumi na moja na nusu jioni ya huku, sisi jua bado linatuchoma migongo pale uani, kwake saa tisa na nusu na taa zimeshawashwa dirishani. Akanitembeza na simu mpaka chini ya ngazi, kwenye lile boksi la barua. Kule wanabandika jina la ukoo tu. Kwa hiyo kilichoandikwa pale si jina lake wala langu, ni la babu yake, marehemu baba yangu, mvuvi aliyezaliwa Kilwa Kivinje Mjerumani akiwa bado anatawala. Limepigwa chapa vizuri, herufi nyeusi, kati ya jina la Kituruki na la Kipoland. Nilimwambia asogeze simu karibu. Nilitaka kuona kama wamekosea herufi. Hawakukosea.

Harusi ya Agosti ilifanyika ikaisha salama. Ile ahadi ya laki tano nililipa mimi laki moja kwa niaba yake, na katika daftari la kamati bado inasomeka laki nne deni. Shemeji yangu tunasalimiana vizuri, kwenye misiba tunakaa pamoja, lakini nikifungua daftari langu la hesabu anaangalia saa. Anasema mtu mwenye milioni 30 benki hashindwi laki nne. Milioni mbili zake nitamrudishia, hilo nimemwambia mbele ya dada yake. Hesabu ndiyo ananikatalia kuisikiliza.

Ila gazeti lako analisoma, Mhariri. Kila Jumatano, kwa kinyozi wake pale Mtongani, kuanzia ukurasa wa barua. Ukinipa nafasi, naomba iwe Jumatano.

Karani Mstaafu,
Mtoni, Temeke,
Dar es Salaam.